Ndovu akifiwa na mama yake, nani atamlea?

Mfugaji wa Hulugho, kule Garissa karibu na mpaka wa Somalia, hahitaji kufundishwa namna ya kumlea mnyama yatima. Mbuzi akifa na kuacha mtoto mchanga, mtoto huyo hutafutiwa mbuzi mwingine wa kumnyonyesha. Mbuzi huyo akimkataa, watoto wa nyumbani humnywesha maziwa kwa mkono mpaka aweze kula majani. Haupiti muda mrefu utamwona akifuatana na wenzake malishoni kana kwamba hakupatwa na jambo.

Yatima akiwa ni ndovu, mambo ni mengine kabisa. Kwa miaka miwili ya kwanza mtoto wa ndovu huishi kwa kutegemea maziwa ya mama yake, na maziwa ya ng'ombe humdhuru. Isitoshe, ndovu ni mnyama mwenye kukumbuka. Yule aliyeona mamaye akiuawa, au aliyetumbukia kisimani akaachwa na jamaa zake, hufika kwa binadamu akiwa amejaa hofu na hasira. Humsukuma kwa kichwa kila amkaribiaye, na usiku hugutuka usingizini akipiga mayowe.

Mmoja wa mayatima hao alitoka upande huo huo wa Ijara. Anaitwa Ishaq-B, jina lililotokana na Ishaqbini, hifadhi ya wafugaji iliyo kando ya mto Tana na ambayo inajulikana zaidi kwa swara adimu aitwaye hirola. Alilelewa katika kituo cha mayatima kilichomo ndani ya mbuga ya Nairobi, kisha akahamishiwa Voi.

Kituo hicho ni matunda ya kazi ya Bi Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka wa 2018. Mumewe, David, ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki, na alipofariki mwaka wa 1977 shirika la kutunza wanyama likaanzishwa kwa kumbukumbu yake. Kwa miaka mingi Bi Sheldrick alijaribu maziwa ya kila aina, huku watoto wachanga wa ndovu wakimfia mikononi. Hatimaye aligundua kwamba mafuta ya nazi yanakaribiana na yale yaliyomo katika maziwa ya ndovu. Nani angedhani kwamba dawa ilikuwa ni nazi, kitu kilichojaa katika kila jikoni la Pwani!

Aliyenusurika kwa maziwa hayo alikuwa Aisha, mtoto wa kike aliyelelewa mwaka wa 1974. Alinenepa, akacheza, akawa haachani na Bi Sheldrick hata hatua moja. Kisha ikatokea arusi ya binti wa Bi Sheldrick, naye akalazimika kusafiri kwa siku kadhaa. Aisha aliachiwa mtu mwingine wa kumtunza, na maziwa yalikuwa yale yale. Hata hivyo aligoma kula, akadhoofu, na mlezi wake aliporudi alikuwa amechelewa. Aisha alikufa kwa huzuni.

Kifo hicho ndicho kilichobadili ulezi wote. Tangu hapo hakuna yatima anayekabidhiwa mtu mmoja. Walezi ni wengi, na hupokezana zamu. Kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, chupa ya maziwa huwa tayari. Mlezi hulala zizini pamoja na mtoto, akimfunika blanketi linapomtoka, na usiku unaofuata huja mwingine. Mtu anaweza kudhani huo ni ukatili kidogo, kumnyima mtoto mama mmoja. Kwa maoni yangu ni huruma iliyopimwa vizuri, kwa sababu ndovu mwitu naye hulelewa na mama, dada na mashangazi.

Hata wewe msomaji uliyemchukua mbwa aliyezoea kupigwa mawe, ukijua kwamba siku moja atakwenda kwa mtu mwingine, fanya hivyo hivyo. Waachie watoto, jirani na shangazi nao wamlishe, asije akadhani dunia nzima ni wewe tu.

Siku ya kuagana na ndovu nayo huandaliwa mapema. Yatima akikaribia miaka mitatu, lori huletwa karibu na mazizi na chupa ya maziwa hutolewa ndani yake, siku baada ya siku, mpaka apande bila wasiwasi. Hasafiri peke yake. Hupelekwa na rafiki zake wawili watatu, kabla ya mapambazuko ili wasipatwe na joto njiani, na baadhi ya walezi huwasindikiza.

Wafikapo Tsavo, mayatima wakubwa huja kuwapokea, wakiwapapasa kwa mikonga na kunguruma. Kuanzia hapo hakuna anayewafukuza wala kuwazuia. Mwaka huu watalala zizini, mwaka ujao watalala nje usiku mmoja, na mwingine huchukua hata miaka kumi kabla ya kukata shauri. Baadhi ya walioolewa na pori hurudi baadaye na watoto wao, wakasimama mbele ya walezi kwa muda. Walezi wa Nairobi kwa wakati huo wamekwisha kurudi mazizini, na saa tatu zimetimia tena.