Cherehani Iliyonyamaza Miaka Minane

Dada yetu mmoja wa hapa Kitengela alifiwa na mumewe mapema mwaka huu. Aliachwa na watoto watatu, nyumba ya kupanga, na cherehani kuukuu ya Singer aliyopewa na mama yake mzazi siku ya kuolewa kwake Mombasa. Cherehani hiyo ilikuwa imefunikwa leso pembeni mwa chumba kwa muda wa miaka minane. Mwenyewe alipokalia eda, akawa hatoki ila kwa dharura, ndipo alipoikumbuka. Akatuambia, “Lau ingeliamka, ningeshona hapa hapa nilipo, watoto wakapata chakula.”

Tulipeleka picha yake kwa fundi. Akaitazama kidogo, akasema hiyo ni ya kuuzia wanunuzi wa chuma chakavu. Dada aliposikia hayo hakusema neno. Aliirudishia leso yake tu. Nasi majirani zake wanne, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufungua kitu kikubwa kuliko kifuniko cha redio, tukakata shauri kwamba kabla haijauzwa tutajaribu wenyewe.

Tulianza kwa kuijua. Maandishi ya mwilini mwake yalionyesha kuwa iliundwa Uingereza. Kampuni ya Singer, iliyoanzia Marekani mwaka 1851, ilikuwa na kiwanda kikubwa mno huko Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekwisha, lakini mashine zake zingali zikishona katika vibaraza vya Lamu, Mombasa na Unguja. Hilo lilitupa moyo. Chombo cha namna hii hakina umeme wala siri nyingi: ni chuma, skrubu na mafuta.

Gurudumu lilikuwa halizunguki hata kwa mikono miwili. Tulidhani limevunjika, kumbe halikuwa na kasoro. Mafuta ya zamani yalikuwa yamekauka yakawa kama gundi, na vumbi la Kitengela, mji ulio jirani na viwanda vya saruji vya Athi River, likayashikia humo. Tuliiweka mashine kando ya dirisha, mbali na jiko, tukatia matone ya mafuta ya taa katika kila tundu na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, kisha tukaiacha ilale. Siku ya tatu gurudumu likasogea nusu duara. Siku ya nne likazunguka. Tukaufuta uchafu wote kwa kitambaa, kisha tukatia mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta ya kupikia hayafai, kwani huganda. Na grisi ni nzito kwa vyombo vidogo kama hivi.

Hapo ndipo tulipokosea. Kwa pupa ya kusafisha, tulifungua kitufe kilicho katikati ya gurudumu, kile kinachoachia sindano itulie wakati wa kujaza uzi kwenye bobini. Tulipokirudisha, gurudumu likawa linazunguka vizuri lakini sindano haitikisiki. Tulifungua na kufunga mara tano, jioni ikatuingilia. Mmoja wetu akaanza kulia, akisema tumemharibia mjane chombo chake.

Siku ya pili yake wawili kati yetu tulipanda matatu, tukapita Isinya hadi mji wa Kajiado, kwa bibi mmoja aliyeshona maisha yake yote kwa mashine ya aina hiyo hiyo. Alitusikiliza, akacheka kwa upole. “Ndani ya kile kitufe mna wosha yenye masikio madogo,” akasema. “Mmeirudisha vibaya. Igeuzeni nusu duara, kisha mjaribu tena.” Hakutaka malipo. Alitupa pia mkanda wa ngozi, kwani wetu ulikuwa umekauka na kupasuka, akatuonyesha namna ya kuukata kwa kipimo na kuunganisha ncha zake kwa kipini chake cha waya. Tulirudi Kitengela, tukaigeuza wosha, na sindano ikapanda na kushuka.

Hata hivyo mishono ya kwanza ilikuwa aibu. Chini ya kitambaa uzi ulijisokota kama kiota cha ndege, na juu mishono ikarukaruka. Tulimpigia bibi simu, naye akatufunza mambo matatu tunayowaandikia wasomaji wetu. La kwanza, uzi ukijisokota chini, aghalabu kosa liko juu: pitisha uzi mguu wa kubania kitambaa ukiwa umeinuliwa, ili ule uzi uingie sawasawa baina ya vijisahani vinavyoubana. La pili, mishono ikiruka, badilisha sindano kwanza, na uhakikishe mfereji wake mrefu unatazama upande uzi unakoingilia. La tatu, ondoa kikombe cha bobini utazame nyuma yake. Sisi tulikuta hapo nyuzi nyekundu za nguo iliyoshonwa miaka minane iliyopita. Dada alizitambua. Ilikuwa nguo ya Idi ya binti yake mkubwa.

Gharama yote, pamoja na nauli ya Kajiado, haikufikia nusu ya bei ya cherehani mpya. Lakini kilichotufaa zaidi ni kujua kwamba kitu kuukuu hakihukumiwi kwa kutazamwa picha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tone la mafuta kila wiki lingelituepushia kazi hii yote. Ikiwa nyumbani kwako ipo cherehani ya mama au ya bibi, iliyogeuzwa meza ya kuwekea vyombo, ifunue leo ulizungushe gurudumu lake. Likikataa, usilazimishe, litie mafuta na ulipe siku zake.

Dada alianza kwa kurekebisha sare za madrasa za watoto wa majirani, kisha akaletewa madira. Miezi minne na siku kumi zilipotimia, safari yake ya kwanza ilikuwa ya kwenda dukani, kwa miguu yake, kununua uzi kwa pesa aliyoichuma mwenyewe. Leso iliyokuwa ikiifunika cherehani ameifua, na sasa huifunika usiku tu, ili vumbi lisiingie.