Kutu Huondoka kwa Umeme

Mradi wa karanga walioanzisha Waingereza mwaka 1947, uliofika hata Nachingwea, ulivunjwa mwaka 1951. Reli yake nayo ikafungwa mwaka 1962. Chuma kisichotunzwa hakina umri.

Basi kijana wa Nachingwea au Ruangwa mwenye kipuri cha gari kilicholiwa na kutu asikitupe upesi. Na atwae ndoo ya plastiki, atie maji na soda ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne. Kipuri kifungwe waya wa hasi wa mashine ya kuchajia betri ya volti 12. Waya wa chanya ufungwe kwenye kipande cha nondo, wala viwili hivyo visigusane. (Mimi niliwahi kuzigeuza nyaya, kikaliwa kipuri chenyewe!) Baada ya saa kadhaa umeme uzimwe, kipuri kisuguliwe kwa brashi, kikaushwe na kupakwa mafuta papo hapo.

Ama povu lipandalo lina haidrojeni, hewa ishikayo moto. Kazi hii ifanyiwe uwanjani, mbali na jiko na watoto. Chumvi isitiwe kamwe, kwani huweza kutoa klorini, nayo ni sumu. Vipuri vya alumini navyo visitumbukizwe, soda huvila.