Dakika Ishirini Angani

Tarehe 20 Aprili 1961, karibu na Niagara Falls nchini Marekani, Harold Graham alijifunga mgongoni mitungi ya haidrojeni peroksaidi, akafungua valvu, akapaa. Alikaa hewani sekunde 13. Mkanda huo wa roketi, kazi ya mhandisi Wendell Moore wa kampuni ya Bell, ulipoboreshwa ulifikia sekunde 21 tu kwa mruko mmoja. Haikuwezekana kuongeza mafuta, kwa kuwa mtu hawezi kusimama akiwa amebeba mzigo mkubwa zaidi ya huo. Jeshi lililogharamia mradi likaachana nao.

Tangu siku hiyo, swali kubwa la vyombo vya mtu mmoja vinavyopaa wima limekuwa ni muda gani vitakaa juu. Kupaa kwenyewe si kitendawili tena.

Kilichobadili mambo ni mota ya umeme. Helikopta huongozwa kwa vyuma vingi vinavyopindisha mapanga yake yakiwa yanazunguka, na vyuma hivyo ni ghali kuvitengeneza na kuvitunza. Mota ya umeme haina haja navyo: inaongeza au kupunguza mwendo papo hapo, na kompyuta inaweza kuzirekebisha mota nane au kumi na sita mara nyingi ndani ya sekunde moja. Oktoba 2011 watu wawili walilithibitisha hilo katika mabara mawili. Huko Ontario, Kanada, Marcus Leng aliruka na chombo cha umeme chenye mbawa alichokibuni mwenyewe. Nchini Ujerumani, Thomas Senkel alikaa katikati ya fremu yenye rafadha 16, chini yake umefungwa mpira mkubwa wa mazoezi ya mwili ili upokee kishindo cha kutua. Senkel alikaa angani kama sekunde 90.

Chombo cha Leng leo kinauzwa Marekani kwa jina la Helix, kuanzia dola 190,000. Ni chombo cha kushangaza kukitazama. Hakina magurudumu, kinakaa chini kwa tumbo lake la mviringo, pua ikiangalia juu, na rubani ameegemea nyuma kama mtu aliye kwenye kiti cha daktari wa meno. Rafadha nane zimekazwa kwenye mbawa mbili, moja mbele na moja nyuma, na hazigeuki. Kinachogeuka ni chombo kizima: kinapaa wima, kisha kinainamisha pua hadi mbawa zishike upepo na kubeba uzito. Hapo ndipo umeme unapookolewa, kwa sababu kuning'inia hewani bila kusonga hula nguvu kuliko karibu jambo lolote jingine ambalo chombo cha angani hufanya. Hata hivyo, masafa yake ni kilomita 32 hivi. Jetson ONE, chombo kingine cha umeme cha mtu mmoja kisicho na mbawa kabisa, hukaa juu dakika 20.

Sababu ni betri. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati ya takriban kilowati-saa 12. Kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu ina kama robo ya kilowati-saa. Injini hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kama joto, lakini hata ukilihesabu hilo, mafuta bado yanaizidi betri zaidi ya mara kumi. Na tangi la mafuta huwa jepesi kadiri safari inavyoendelea, ilhali betri iliyoisha hutua na uzito uleule iliopaa nao. Anayeota kuondoka Dar es Salaam na kutua Unguja, kiasi cha kilomita 70, angeishiwa umeme kabla ya nusu ya bahari.

Sheria nayo imeweka mpaka wake. Marekani huruhusu vyombo vyepesi vya mtu mmoja virushwe bila leseni ya rubani, lakini mchana tu, kwa mwendo usiozidi kilomita 102 kwa saa, na kamwe si juu ya maeneo yenye watu wengi. Kwa hiyo yule anayetaka kuiruka foleni ya mjini ndiye hasa aliyekatazwa. Katazo hilo ni la haki. Helikopta ikizimika injini, mapanga yake huendelea kuzungushwa na hewa na kuiteremsha taratibu. Rafadha ndogo haziwezi hivyo, na parashuti ya dharura inahitaji kimo ili ifunguke.

Pesa peke yake haijatosha. Kitty Hawk, kampuni ya vyombo kama hivi iliyoungwa mkono na Larry Page wa Google, ilifungwa mwaka 2022. Volocopter, kampuni iliyozaliwa na ule mruko wa Senkel, iliomba ulinzi wa mufilisi Desemba 2024.

Basi dakika 20 zinafaa kwa nini? Jibu bora hadi sasa lilitoka milimani. Septemba 2020, katika Lake District nchini Uingereza, kikosi cha ambulensi za anga kilijaribu vazi la injini tano za jeti la Richard Browning. Browning alimfikia majeruhi wa kuigiza kwa sekunde 90. Mhudumu anayepanda kwa miguu angetumia kama dakika 25. Hapo muda mfupi wa angani ulifuta muda mrefu wa ardhini, na nchi zenye vilima, mito na visiwa zina sehemu nyingi za namna hiyo.

Rwanda ni mojawapo. Septemba 2025 chombo cha Kichina EH216-S kiliruka Kigali bila rubani. Mji huo uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa nyepesi huzilazimisha rafadha kufanya kazi zaidi ili kuinua uzito uleule. Droni za Zipline zimekuwa zikipeleka damu hospitalini nchini humo tangu 2016, lakini kifurushi chake hakizidi kilo 2. Kumpeleka mkunga hadi kijiji cha ng'ambo ya bonde ni kuinua zaidi ya mara ishirini na tano ya mzigo huo, kabla ya kuhesabu kiti, parashuti na umeme wa kumrudisha.