Kasha la Newala na Bei Yake



Ni wachache kati yetu wasio na kitu cha marehemu nyumbani: kasha la misumari ya shaba, kitanda cha samadari, au kiti kilichovunjika mkono. Vitu hivi hukaa kimya miaka mingi, mpaka mwenyewe afe. Hapo ndipo kila mrithi huja na bei yake.

Msimu wa karafuu uliopita ulipokwisha nilifuatana na jirani yangu wa shamba kwenda bara. Marehemu baba yake alikuwa Mmakonde wa Newala, aliyekuja kuchuma karafuu akakaa moja kwa moja. Ameacha mjane, wana wawili wanaume na mmoja mwanamke. Kadhi amekwisha wapigia hesabu: mafungu 40, mjane 5, kila mwanamume 14, mwanamke 7. Hesabu hiyo haina shida ikiwa mali ni fedha. Lakini huko Newala palikuwa na kasha, kigoda, sanamu nyeusi na kinyago cha kuvaa kichwani, kile wenyewe wanachokiita lipiko. Nani awezaye kugawa kinyago mafungu 40?

Tulilala Masasi, asubuhi tukapanda gari mpaka juu ya uwanda, katikati ya mikorosho. Tulimkuta mfanya biashara amekwisha fika. Alitoa bei nzuri kwa sanamu, bei ndogo kwa kasha na kigoda, na kinyago, kwa kuwa kimechakaa, akasema atakichukua kama nyongeza tu. Kaka mkubwa alitaka kupokea fedha palepale. Mimi neno lile "nyongeza" lilinitia shaka. Hata katika karafuu, mnunuzi anayedharau gunia moja kupita kiasi, mtazame vizuri gunia hilo.

Basi tukaanza na sanamu. Mpingo ni mti mzito, ukiutia majini huzama. Yetu tuliitia ndooni, ikaelea. Tukaikwaruza chini kwa wembe, ndani nyeupe, weusi wote ni rangi ya viatu. (Mpingo nao una tabaka jeupe chini ya ganda, kwa hiyo weupe peke yake si ushahidi, uzito ndio ushahidi.) Wengi hudhani kila cha Kimakonde kilicho cheusi ni cha kale. Sivyo. Vinyago vya ngoma vya zamani vilichongwa kwa mti mwepesi, maana mchezaji hukivaa kichwani. Vikapachikwa nywele za binadamu, na chale zikafanywa kwa nta ya nyuki. Sanamu za mpingo zilienea khasa kwa ajili ya wanunuzi wageni, katika karne iliyopita.

Kile kilichodharauliwa, basi, ndicho kilichokuwa na nywele na nta.

Na dunia inajua thamani yake. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya vitu vya wenyeji kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kikanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, wala hakikurudishwa Tanzania ila mwaka 2010. Kadhalika, iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na vitu vya namna hii havitolewi nchini bila ya leseni. Mfanya biashara tulipomuuliza leseni, alikumbuka kuwa ana safari.

Kasha tulimpelekea fundi seremala wa Masasi. Hakutazama nakshi hata kidogo, alilipindua. Kifuniko na mbavu ni msaji wa zamani, lakini kitako ni plaiwudi na bawaba ni mpya. Alituonya tusisugue shaba wala kupaka vanishi, kwani mnunuzi ajuaye hutaka kuona uzee wenyewe. Tukamtafuta na fundi wa pili, asiyetaka kununua. Wote wawili walikaribiana: kasha shilingi 340,000, kigoda 60,000.

Lakini kinyago hakikupata bei. Mpwa wa marehemu, ndiye aliyekitunza, alitueleza kwa upole: marehemu alikipata kwa mjomba wake, kwa kufuata upande wa mama kama ilivyo desturi ya Wamakonde, na alikabidhiwa akitunze, hakupewa kiwe chake. Alitaja nani alikichonga na nani alikicheza. Tuliporudi, kadhi aliposikia alisema kisichokuwa mali ya marehemu hakigawanywi.

Yakabaki 400,000. Mjane alipata 50,000, wanaume 140,000 kila mmoja, mwanamke 70,000. Yeye alikitaka kigoda alichokuwa akikalia baba yake akiwa kijana. Kikahesabiwa katika fungu lake, akapewa na 10,000 mkononi. Sasa kipo barazani kwake, na mimi mwenyewe nimekwisha kikalia.

Kaka mkubwa hajaridhika. Juzi tulipokuwa tukianika karafuu aliniuliza tena kile kinyago kingeuzwa kiasi gani huko Geneva. Nilimwambia aulize kwa mpwa wa baba yake.