Gemu ya mkononi na gemu ya sebuleni: Mzazi amebaki wapi?

KATIKA kikao cha kamati ya msikiti wetu hapa Katesh, wilayani Hanang, palizuka mjadala ambao haukuwamo katika ajenda. Ustadhi wa madrasa alileta mezani gemu ya mkononi aliyoikuta katika mfuko wa juzuu wa mwanafunzi wa miaka kumi. Mzee mmoja alishauri ivunjwe mbele ya watoto ili iwe onyo. Baba wa mtoto, naye akiwamo kikaoni, alijitetea kwamba aliinunua kwa nia njema: ni afadhali mwanawe acheze nyumbani kuliko kushinda katika mabanda ya gemu. Uamuzi ukaahirishwa, na katibu akatakiwa akichunguze kifaa hicho na kuleta maelezo.

Katibu huyo ni mimi. Nilipokiwasha, nilikutana na mchezo ninaoujua tangu utotoni: Super Mario Bros.

Mchezo ni ule ule

Mchezo huu ulitolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985, ukiwa umebuniwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Fundi bomba mwenye masharubu hukimbia kuelekea kulia, akiruka mashimo na maadui, katika hatua 32 zilizogawanywa katika dunia 8. Wengi wa rika langu tuliujua kupitia mashine za kaseti za bei nafuu, zilizounganishwa na televisheni.

Uliomo katika kifaa cha mtoto ni toleo la baadaye, Super Mario Bros. Deluxe, lililotengenezwa mwaka 1999 kwa ajili ya Game Boy Color, mashine ndogo ya mkononi ya kampuni hiyo hiyo. Vifaa vingi vya bei nafuu hubeba nakala ambazo wenyewe hawakuziidhinisha, na hilo nalo ni suala la haki ya mtu ambalo Muislamu hapaswi kulipuuza.

Kwa uadilifu niseme kwamba kazi ya mafundi ni nzuri. Hatua zote 32 zimo, muziki ni ule ule, na Mario huruka kama alivyoruka zamani. Hata hivyo, baada ya siku tatu za kuucheza, niliona tofauti tatu ambazo mzazi anapaswa kuzijua.

Tofauti tatu

Ya kwanza ni kioo. Picha ya mashine ya televisheni ilikuwa na nukta 256 kwa upana na 240 kwa urefu. Ya Game Boy Color ina 160 kwa 144 tu. Mafundi hawakuipunguza picha yote ili ienee. Waliikata, mchezaji akabaki kuona kipande. Ndiyo maana wakaongeza njia ya kuchungulia juu na chini. Nilitumbukia katika mashimo niliyokuwa nikiyaruka nikiwa mtoto, kwa kuwa nilikuwa nikiyaona yakiwa yamekwisha kufika. Mchungaji wa huku kwetu anaelewa: anayetazama kwato za ng'ombe wa mbele tu hajui kundi linaelekea wapi.

Ya pili ni kikomo. Mchezo wa zamani ulikupa roho tatu na saa inayohesabu kurudi nyuma. Roho zikiisha, kwa kawaida ulirudi mwanzo, na mwenzako aliyekuwa akisubiri akashika zamu. Toleo la mkononi huhifadhi ulipofika. Tena limeongezewa sarafu nyekundu tano za kutafutwa katika kila hatua, yai lililofichwa, mashindano ya mbio dhidi ya jini la mchezoni, na mkusanyiko wa hatua ngumu zaidi uliotoka Japani mwaka 1986. Wa zamani ulikuwa na mwisho. Huu daima una kitu kilichobaki.

Ya tatu ni mwenza. Zamani wawili walicheza kwa mashine moja: wa kwanza akiwa Mario, akifa, wa pili anaendelea na Luigi. Humo tulijifunza kusubiri, kugombana na kupatana. Katika toleo la mkononi, wawili wakitaka kushindana sharti kila mmoja awe na mashine yake, ziunganishwe kwa waya.

Aliyetoka sebuleni

Ukizijumlisha tofauti hizo, utaona kwamba mzazi ndiye aliyetolewa mchezoni. Televisheni ilikuwa sebuleni. Mama alipopita aliona, adhana ilisikiwa na wote, na baba aliizima kwa neno moja. Gemu ya mkononi huonwa na mtoto peke yake. Hata Game Boy Color ya 1999 haikuwa na taa katika kioo chake, hivyo mtoto alihitaji kukaa penye mwanga. Vifaa vya leo hujimulika vyenyewe. Na katika usiku wa baridi wa nyanda zetu, kuanzia Hanang hadi Mbulu, blanketi ni pazia tosha.

Hata hivyo, sikushauri kivunjwe. Uislamu haukuja kuua furaha. Mtume (rehema na amani za Allah zimshukie) alishindana mbio na Bi Aisha, na aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini. Jambo la kuchunga ni mchezo usiwe na kamari wala maovu, na usimpotezee mtu faradhi. Nasi wazazi tumefundishwa kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Niliiambia kamati kwamba kifaa arudishiwe baba, si mtoto, na kwamba yale yaliyoondolewa na kioo kidogo tuyarejeshe kwa malezi. Kichezwe sebuleni tu. Ndugu wapokezane, roho zikiisha zamu ihame. Chaja ikae kwa mzazi. Na kuanzia Magharibi hadi Isha, wakati wa darsa, kiwe kimezimwa. Mtoto akisema hawezi kuacha kwa kuwa yuko katikati, ajibiwe kwamba mchezo huu unahifadhi alipofika, ilhali wakati wa swala ukipita hakuna kitufe cha kuurudisha.

Kamati iliafiki. Yule mzee alimgeukia baba na kumuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuuona mchezo anaoucheza mwanawe. Baba aliinamisha kichwa, akasema hajawahi.

Ndugu msomaji, jioni ya leo muombe mwanao akuoneshe. Keti kando yake, japo kwa roho tatu tu.

Wabillahi tawfiq.