Unga Upo, Jiko Liko Wapi?

Mwezi Machi 2020, maghala ya Shirika la Chakula la India yalikuwa yamesheheni zaidi ya tani milioni 55 za mchele na ngano, ukiacha mpunga ambao ulikuwa bado haujakobolewa. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya akiba ambayo nchi hiyo hujiwekea wakati kama huo wa mwaka, na mavuno mapya ya ngano yalikuwa mlangoni. Kwa hiyo njaa iliyowapata vibarua wa Delhi, Mumbai, Surat na Bengaluru wiki chache baadaye haikuletwa na uhaba wa chakula. Anayetaka kuelewa kazi ya kugawa misaada aanzie hapo.

Kisa chenyewe wengi wanakikumbuka. Saa 2 usiku tarehe 24 Machi, Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwamba kuanzia saa 6 usiku ule ule, nchi nzima yenye watu bilioni 1.3 itakaa ndani kwa siku 21 ili kuzuia korona. Watu walipewa saa nne za kujiandaa. Treni zikasimama, mabasi yakasimama, viwanda na maeneo ya ujenzi yakafungwa. Mwashi wa Bihar aliyekuwa akijenga ghorofa Delhi, au kijana wa Odisha aliyekuwa kwenye viwanda vya kufuma nguo vya Surat, akajikuta hana kazi, hana usafiri, na mara nyingi hata ujira wa siku alizokwisha kufanya haukutoka. Tarehe 28 Machi maelfu walifurika kituo cha mabasi cha Anand Vihar, mashariki mwa Delhi, wakitafuta njia ya kurudi kwao. Wengine walishika barabara kwa miguu, mamia ya kilomita.

Sasa, India si nchi isiyokuwa na mpango wa chakula. Sheria ya mwaka 2013 ilimpa kila aliyeandikwa kwenye kadi ya mgawo kilo 5 za nafaka kwa mwezi, kwa bei ya kutupwa: mchele rupia 3 kwa kilo, ngano rupia 2. Kadi ni ya kaya, na wakati huo kaya ilifungwa kwenye duka moja la mgawo, aghalabu kijijini. Kibarua akienda mjini, kadi hubaki na mama watoto, na ndivyo inavyotakiwa, maana huko ndiko kwenye midomo mingi. Yeye mjini hununua unga dukani kama mtu mwingine yeyote. Mpango huu uliweza kuvumilika muda wote mabasi yalipokuwa yakitembea. Yaliposimama, mtu akawa na haki ya chakula mahali asipokuwepo, na mahali alipo hana haki yoyote. Wako na wengine wasiokuwa na kadi kabisa, kwa sababu idadi ya wanaostahili ilikokotolewa kwa sensa ya 2011 na haikuongezwa watu walipoongezeka. Mwanauchumi Jean Drèze na wenzake walikadiria kuwa walioachwa nje kwa sababu hiyo ni zaidi ya watu milioni 100.

Tarehe 26 Machi serikali ilitangaza nyongeza ya kilo 5 za nafaka bure kwa kila mtu kwa mwezi, pamoja na kilo 1 ya jamii ya dengu kwa kila kaya. Ukiisikia kwenye hotuba ni nyingi. Tuipige hesabu. Kilo moja ya nafaka ina kalori kama 3,500. Kilo 5 zikigawanywa kwa siku 30 zinatoa kalori 580 hivi kwa siku, wakati watu wa misaada duniani hupanga kwa kipimo cha kalori 2,100 kwa mtu. Ukijumlisha na zile kilo 5 za kawaida unafika 1,170, nusu na ushei. Na ile dengu, katika kaya ya watu wanne, ni gramu 8 kwa mtu kwa siku, yaani kijiko cha kulia ambacho hakijajaa. Hapo tunamzungumzia mwenye kadi, aliye kijijini kwake. Aliyekwama mjini aliachiwa wahisani.

Nao walijitokeza kwa wingi: mahekalu, misikiti, vyama vya wafanyakazi, mashirika, vijana wa mitaani waliochangishana kwa simu. Lakini moyo wa kutoa haukuondoa swali ambalo kila mgawaji hukutana nalo asubuhi ya kwanza. Atoe nafaka mbichi, atoe chakula kilichopikwa, au atoe pesa? Watu wengi huliona ni swali la urahisi tu. Kwangu mimi ndilo swali lenyewe, kwa sababu jibu lake huamua nani atakula na nani ataondoka na mfuko asioweza kuutumia.

Nafaka mbichi humpendeza sana mgawaji. Haiozi, mfuko mmoja unamtosha mtu wiki mbili, na foleni ni ya siku moja badala ya kila siku, jambo la maana penye ugonjwa wa kuambukiza. Mwezi Aprili serikali iliruhusu mashirika ya hisani yanunue moja kwa moja kwenye maghala yake, bila mnada, mchele kwa rupia 22 kwa kilo na ngano kwa rupia 21. Uamuzi huo ulikuwa mzuri. Ila mfuate kibarua mpaka chumbani kwake. Wanalala wanne, watano, kila mmoja na godoro lake la kukunja. Kwenye kona kuna mtungi mdogo wa gesi wenye kichwa cha kupikia juu yake, na mtungi huo hujazwa kwa kilo na muuzaji wa mtaani, kwa fedha taslimu. Fedha imekatika, na muuzaji mwenyewe amefungiwa ndani. Ukimpa ngano nzima, anahitaji mashine ya kusaga iliyo wazi. Ukimpa unga, anahitaji moto. Ukimpa mchele bila chumvi wala mafuta, atapika, atakula kwa siku mbili, kisha atatafuta wa kubadilishana naye. Ndiyo maana vikundi vilivyoijua kazi vilifunga mafuta, chumvi, bizari na sabuni ndani ya mfuko ule ule, hata kama ilimaanisha mifuko michache zaidi.

Na sisi tumeliona hilo karibu. Aprili ile ile, serikali ya Uganda iliwagawia watu wa Kampala na Wakiso waliokatikiwa riziki kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu. Mpishi yeyote anajua maharage makavu yanakaa jikoni saa mbili, tatu, na mkaa wa saa hizo haugawiwi na mtu.

Basi, kipikwe. Hapa ndipo Makalasinga walipowashangaza hata wasiowajua. Msafiri wa barabara ya Nairobi kwenda Mombasa anayelifahamu hekalu lao la Makindu anajua utaratibu: unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini, unakula, na hakuna anayekuuliza dini wala jina. Jiko hilo la wote, linaloitwa langar, limekuwa sehemu ya ibada yao kwa karne tano. Hekalu la Bangla Sahib, katikati ya Delhi, lilifungwa kwa waumini lakini jiko halikuzimwa. Wapishi walilala huko huko ili wasiende majumbani na kurudi na ugonjwa. Chapati zilitoka kwenye mashine, dengu zikachemka kwenye masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake, na magari yakasambaza makumi ya maelfu ya vyakula kwa siku. Ukweli ni kwamba jiko la aina hii haliwezi kuanzishwa kwa dharura. Masufuria yalikuwepo, wauza dengu walikuwa wanajulikana, wapishi walijua kipimo cha chumvi kwa watu elfu kumi. Mwenye nia njema lakini asiye na hayo hutumia wiki mbili za kwanza akijifunza kuunguza.

Serikali ya Delhi nayo ilifungua vituo kwenye shule, mchana na jioni. Chakula chenyewe mara nyingi kilikuwa mseto, wali uliochanganywa na choroko au dengu, ambao wenyewe huuita khichdi. Kwa mpishi ni chaguo la busara, maana sufuria ni moja, hakihitaji kitoweo, hakimwagiki. Lakini chakula kilichopikwa kina saa yake. Kanuni ya usalama inasema kisikae nje zaidi ya saa mbili kama hakijahifadhiwa kwa moto wa nyuzi 60 kwenda juu, na Delhi ya mwezi Mei hupita nyuzi 40 kivulini. Anayefika mwisho wa foleni hupata kilichoanza kuchacha, au hapati. Na foleni mbili kwa siku, kwa mtu anayeishi kilomita mbili kutoka shuleni, zinamla siku nzima, tena huku polisi njiani wakimuuliza ametoka kufanya nini.

Kerala ilikuwa na jibu bora kuliko wengi, na hata huko mambo yaliwachachia. Jimbo hilo la kusini huwaita vibarua wa kutoka majimbo mengine wageni, na lilifungua majiko ya jumuiya kila mahali, mengi yakiendeshwa na wanawake wa Kudumbashree, mtandao wa vikundi ulioanzishwa mwaka 1998. Hata hivyo, tarehe 29 Machi vibarua walimiminika barabarani huko Payippad, wilaya ya Kottayam, wakidai kurudi makwao, na malalamiko ya chakula yakiwemo. Watu wa Kerala ni wa wali. Waliokwama walikuwa wengi wa kaskazini na mashariki, na waliotoka kwenye ngano walitaka chapati na viazi. Wapo waliowaona wana madeko. Mimi sikubaliani nao: mtu aliyefungiwa mbali na kwao, bila kazi wala habari ya lini atatoka, akipewa kila siku chakula asichokizoea, ataacha kula kabla ya kuacha kulalamika. Viongozi wa Kerala walilielewa hilo haraka, wakaleta unga wa ngano na chapati.

Picha ni jambo jingine dogo lenye uzito. Wagawaji walipenda kupigwa picha wakimkabidhi mtu mfuko, mpaka wilaya ya Ajmer, jimboni Rajasthan, ikapiga marufuku kupiga picha wakati wa kugawa. Bila marufuku hiyo, wenye haya wangeendelea kukaa vyumbani mwao na njaa zao.

Pesa ndiyo iliyobishaniwa kuliko yote. Tarehe 7 Aprili, Mahakama ya Juu ikisikiliza ombi la wanaharakati waliotaka vibarua walipwe ujira wao, Jaji Mkuu S. A. Bobde alihoji: kama wanapewa chakula, pesa ya chakula ni ya nini? Swali hilo halikuwa la kijinga, na jibu lake lilikuwa tayari linakusanywa. Kikundi cha watu wa kujitolea kiitwacho Stranded Workers Action Network kilikuwa kikipokea simu za waliokwama. Anayepokea anauliza mko wangapi, mmebakiwa na nini, mko wapi, kisha anatafuta kikundi cha karibu cha kuwapelekea chakula, au anawatumia pesa kidogo kwenye akaunti. Ripoti yao ya kwanza, iliyohusu wafanyakazi 11,159 hadi tarehe 13 Aprili, ilionyesha kuwa asilimia 96 hawakuwa wamepata mgawo wa serikali, asilimia 89 hawakuwa wamelipwa chochote na waajiri, na nusu walikuwa na chakula kisichofika siku moja. Asilimia 78 walibakiwa na chini ya rupia 300, kama dola 4 za Marekani. Ni kweli kwamba hawa ni watu waliopiga simu kwa sababu wameshikika, hivyo takwimu hizo haziwasemei vibarua wote wa India. Zinamsemea aliyekwama, na huyo ndiye tunayemzungumzia.

Mtu wa namna hiyo huifanyia nini rupia mia mbili? Hujaza gesi. Hununua maziwa ya mtoto, dawa, na vocha. Vocha isidharauliwe: Delhi iliwatolea wasio na kadi kuponi za chakula kwa njia ya simu, na bila simu yenye salio na intaneti huwezi kujaza fomu wala kupokea namba ya siri ya kuthibitisha. Simu ikizima, umefutika kwenye orodha zote kwa mkupuo.

Chakula cha njiani kina hesabu yake tena. Tarehe 8 Mei, vibarua 16 wa kiwanda cha chuma cha Jalna waliuawa na treni ya mizigo karibu na Aurangabad. Walikuwa wakitembea kwenda Bhusawal kutafuta treni ya kuwarudisha kwao, wakachoka, wakalala kwenye reli wakiamini hakuna treni zinazopita. Picha zilizosambaa zilionyesha chapati zao zimetawanyika juu ya kokoto. Chapati kavu hukaa siku mbili bila kuharibika na haihitaji sahani, ndiyo maana waendao mbali hubeba hiyo. Treni maalumu za vibarua zilikuwa zimeanza tarehe 1 Mei, na hatimaye zilibeba zaidi ya watu milioni 6, lakini nyingine zilichelewa vibaya kwa kuzungushwa njia. Abiria walikaa saa nyingi bila maji, wakitegemea vifurushi walivyopenyezewa madirishani.

Tarehe 14 Mei, Waziri wa Fedha Nirmala Sitharaman alitangaza nafaka ya miezi miwili kwa vibarua wapatao milioni 80 wasio na kadi, kilo 5 kwa mtu kwa mwezi. Ilikuwa wiki ya nane tangu nchi ifungwe, na wengi walikwisha kuondoka mijini. Zaidi ya nusu ya nafaka ile haikuwafikia waliokusudiwa.

Kilichobadilika kweli kilikuja baadaye. Tarehe 29 Juni 2021 Mahakama ya Juu iliyaamuru majimbo yote yakamilishe ifikapo tarehe 31 Julai mpango wa kadi moja ya mgawo nchi nzima, na yaendeshe majiko ya jumuiya muda wote wa janga. Kwa kadi hiyo, mume anaweza kuchukua fungu lake Surat na mke akachukua lililobaki kijijini, kila mmoja kwa alama ya kidole chake. Nafaka sasa inamfuata mtu. Gesi bado haimfuati hivyo: mtungi mdogo wa kilo 5 unaouzwa kwenye vituo vya mafuta bila kuulizwa anwani hulipiwa bei kamili ya soko.