Jina kwa Jina: Mpaka wa Ekstensio

Mtu yuko njiani na mzigo kichwani. Mwenye kinga ampita mbio, amrushia matope, naye amtukana. Kumbe ni padri mpya, asiyejulikana bado. Jioni katekista aletewa neno: «Alitaka kumtukana padri.» Je, ni kweli?

Ndugu wasomaji, lojika yatufundisha hivi: majina mawili yakitaja kitu kimoja, twaweza kuweka moja mahali pa lingine, na sentensi ya kweli yabaki kweli. Hapo jina lahesabiwa kwa kile linachotaja tu, ndiyo ekstensio. Basi «Alimtukana mwenye kinga» na «Alimtukana padri» zote mbili ni kweli. Lakini tukitia «alitaka», ya pili yageuka uongo.

Gottlob Frege, Mjerumani, alieleza jambo hili mwaka 1892. Nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni ile ile, Venusi. Lakini mtu aweza kusadiki neno juu ya moja na kulikana juu ya nyingine. Sababu yake, jina lina kile linachotaja, tena lina maana, yaani namna kitu kinavyojionyesha kwetu. Nyuma ya «asadiki kwamba», jina lasimamia maana hiyo.

Mmarekani Quine aliona sheria yashindwa hata penye «ni lazima»: 9 ni lazima ipite 7, lakini hesabu ya sayari si lazima ipite 7. (Zamani zile sayari zilihesabiwa 9, tangu 2006 ni 8. Hoja haikudhurika.) Yeye alitaka sayansi iseme lugha ya ekstensio tu. Hapo hatumfuati. Lugha hiyo yafaa sana kwa hesabu. Katika kiti cha maungamo ingekuwa bubu.

Tazameni nduguze Yosefu (Mwanzo 42). Walimwinamia mkubwa wa Misri, na mkubwa huyo ni Yosefu. Basi walimwinamia Yosefu, na ndoto ikatimia. Lakini walikusudia kumwinamia Yosefu? Hata kidogo!

Turudi kwa mtu wetu. Katekista amwulize kwanza: «Ulijua ni nani?» Asipojua, hakukusudia kumtukana padri, ingawa tusi kwa mwenzake labaki tusi. Lakini Mtakatifu Thoma, akisema juu ya mtu anayemwua baba yake bila kumtambua, atuongezea swali la pili, tena gumu zaidi: «Na kama ungalijua, ungalinyamaza?»